Wenye Chombo Husimama Wapi

Kipande chenyewe bado ninacho. Ni cheusi, kirefu kidogo kuliko kidole changu cha shahada, upande mmoja laini na upande wa pili umechanika nyuzi nyuzi kama muwa uliotafunwa. Kiko ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya rafu, kando ya kamusi na rasimu za tasnifu ya uzamili ambayo haitaki kuisha. Wageni wanaoingia chumbani kwangu hukiokota, hukigeuzageuza, huuliza ni nini. Nawaambia ni panga la helikopta. Wanacheka.

Desemba 2022 kipande hicho kilikatika nyumbani kwetu Oloipiri, kikaruka umbali wa hatua nne, kikampiga mtoto wa baba mdogo juu ya jicho la kushoto. Alikuwa na miaka 9. Hakupofuka. Nalisema mapema ili usisome insha hii kwa wasiwasi niliokuwa nao mimi kutoka bomani hadi kwenye benchi la hospitali, nikiwa nimebana shuka usoni pake na kila baada ya dakika moja namuuliza kama ananiona, na yeye, kwa kuwa shuka ilikuwa imefunika macho yote mawili, ananijibu kwa uaminifu kabisa kwamba hapana.

Alishonwa nyuzi 4. Daktari alituonyesha kwa kidole nafasi iliyobaki kati ya jeraha na jicho. Ilikuwa upana wa kidole hicho hicho.

Tuliporudi usiku, baba mdogo hakunigombeza. Ningeona nafuu kama angenigombeza. Aliomba aone kile kipande, akakipitishia kidole gumba polepole, jinsi mtu anavyopima sime baada ya kuinoa. Akarudia. "Hiki hakina makali," akasema, akanirudishia. Koko, bibi yetu, alikuwa karibu na moto akimtazama mjukuu aliyelala na bandeji yake. Hakuuliza kwa nini nilileta chombo kile, wala kilinigharimu kiasi gani, maswali ambayo njia nzima nilikuwa nikiyaandalia majibu. Aliuliza kwa Kimaasai kitu ambacho kwa Kiswahili ni hivi: "Ero, huko kinakotoka, wenye chombo husimama wapi?"

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamili wa historia. Ningeweza kumweleza Koko habari za mikataba, mipaka na magavana hadi moto uzimike. Hilo moja sikulijua.

Helikopta niliinunua Dar es Salaam kwa mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa anamaliza chuo na kuuza kila kitu: godoro, jiko la gesi, feni, helikopta. Haikuwa ile ya watoto yenye mapanga ya plastiki laini, ambayo ukiidaka hewani inakukwaruza tu. Hii ilikuwa ya ukubwa ambao wapenzi wa mchezo huu huuita 450: mapanga mawili ya nyuzi za kaboni, kila moja sentimita 32 hivi, ambayo yakizunguka huchora duara la kipenyo cha karibu sentimita 70. Pamoja na betri yake haikufika kilo moja. Haikuwa na kitabu cha maelekezo, nami sikukiulizia. Kwa miezi miwili nilijifunza alfajiri kwenye uwanja wa mpira, peke yangu, hadi nikaweza kuifanya ining'inie hewani bila kuyumba sana. Nikaona nimehitimu.

Niliipakata kutoka Arusha. Basi lilipita Mto wa Mbu, Karatu, lango la Loduare, likapanda ukingo wa kreta. Pale ukingoni kuna piramidi ya mawe, kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Bernhard, kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tumbusi, ikaanguka, Michael akafa akiwa na miaka 24. Nimepita pale mara nyingi tangu utotoni, na aghalabu hakosekani mtu ndani ya basi wa kusimulia habari ya tumbusi. Safari ile msimulizi nilikuwa mimi. Nilimweleza jirani yangu wa kiti kwa ufasaha mkubwa jinsi anga lilivyo na hatari zake, helikopta ikiwa mapajani.

Jioni ya tatu upepo ulikuwa umetulia, au niliamini umetulia. Watoto kama 12 walijipanga nusu duara kwenye uwanda ulio mbele ya boma. Niliwaambia warudi nyuma. Walirudi kama watoto wanavyorudi nyuma, kiwiliwili kinarudi na shingo inabaki. Helikopta ikapanda, ikatulia kwenye kimo cha mtu mzima, na ule mvumo wake mwembamba ukajaa masikioni. Wakapiga kelele za furaha. Wakasogea. Nami, nakiri, nilifurahi kwamba wanasogea.

Hapa lazima nieleze jambo la kiufundi, kwa sababu ndilo linalonihukumu. Kwenye chombo cha kuchezea cha kawaida, ukishusha kijiti cha rimoti mota inapunguza mwendo. Helikopta ya aina ile haiko hivyo. Ukishaiweka katika hali ya kuruka, mapanga huzunguka kwa kasi ileile wakati wote. Kijiti kinabadili pembe yake tu. Ukipandisha kijiti, mapanga yanasukuma hewa chini na chombo kinapaa. Ukikishusha hadi mwisho, pembe inapinduka, na mapanga yanakisukuma chombo kuelekea ardhini. Kuna swichi nyingine pembeni ya rimoti, ambayo kazi yake ni kukata mota papo hapo. Mwenye uzoefu hujifunza kuigusa kabla hajafikiri. Upepo ulipotokea upande wa Serengeti ukaisukuma helikopta kuelekea kwa watoto, mimi nilifanya kile ambacho mkono wa mtu aliyeshtuka hufanya. Nilivuta kijiti chini hadi kikagota. Ikagonga udongo mkavu kwa ubavu, mapanga yakiwa na mwendo wake wote.

Baba mdogo alisema kweli: kile kipande hakina makali. Panga la 450 ukilishika mkononi ni kitu cha kudharaulika, jepesi kuliko kijiko, ukingo wake wa mbele umeviringwa ili hewa ipite vizuri. Makali yake ni mwendo. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwenye uwanja wa mpira. Mizunguko 2,800 kwa dakika, kipenyo cha sentimita 70: ncha ya panga inakwenda karibu mita 100 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 370 kwa saa. Panga lenyewe lina uzito usiofika gramu 30, lakini kwa kasi hiyo linavutwa kutoka kwenye mhimili kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 40. Fikiria karibu mfuko mzima wa saruji unaning'inia kwenye kijiko. Likikatika, kipande hakianguki. Kinaondoka na mwendo kilichokuwa nao, kwa mstari ulionyooka, popote mstari huo unapoelekea.

Na huwezi kuliona. Mapanga mawili kwa mizunguko ile yanapita mbele ya jicho zaidi ya mara 90 kwa sekunde. Kinachoonekana ni kitu kama ukungu wa mviringo, na nyuma ya ukungu unaona miti, ng'ombe, uso wa mtu. Ubongo unakuambia pale pana hewa. Sime ikiwa nje ya ala, hata mtoto wa miaka 3 anajua kuikwepa. Panga hili linapokuwa limesimama, ambapo halina madhara, ndipo linapoonekana.

Kiswahili kilijua. Feni ya dari tunaiita pangaboi, na vile vipande vya helikopta tunaviita mapanga, ingawa aliyeleta neno hilo huenda alitazama umbo tu. Miaka yote nimelitamka bila kulisikia.

Swali la Koko halikuwa la mtu asiyejua helikopta. Mwaka 2011, nikiwa na miaka 12, nilifuatana naye kwenda Samunge kwa mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo. Msomaji wa umri wangu anakumbuka: kikombe kimoja kwa shilingi 500, dawa ya mti ambao wenyeji wa pale waliuita mugariga, foleni ya magari iliyohesabiwa kwa kilomita, wagonjwa waliolala barabarani siku kadhaa. Sisi tulikwenda kwa lori. Kazi yangu ilikuwa kubeba dumu la maji na kumshika Koko mkono, kwa kuwa miguu ilikuwa inamsumbua. Babu alifariki Julai 2021, na kuhusu kikombe chake kila mtu ana la kusema. Koko akiulizwa hujibu kwamba alikunywa.

Wenye uwezo walikwenda Samunge kwa helikopta. Tulizisikia kabla hatujaziona, mdundo unaokuja kifuani kwanza na masikioni baadaye. Ya kwanza niliyoiona karibu ilishuka kwenye uwazi ng'ambo ya foleni. Sisi watoto tulikurupuka kuikimbilia. Hatukufika. Ulikuja ukuta wa vumbi, changarawe na majani makavu, ukatupiga usoni, tukageuka wenyewe na kukimbia kurudi tulikotoka tumefumba macho. Shuka ya Koko ilivuliwa na upepo. Aliidaka kwa ncha akaivuta kama mtu anayegombania kamba na ndama. Hakuna aliyetuambia tusimame wapi. Helikopta yenyewe ilituambia.

Nimelikumbuka hilo mara nyingi tangu Desemba ile. Helikopta kubwa ina adabu fulani isiyokusudia. Uzito wake hauinuki bila kusukuma hewa nyingi sana chini, na hewa hiyo ikifika ardhini inatambaa pande zote na kumfukuza kila aliye karibu. Wale waliokwenda kwenye mikutano ya kampeni tangu Freeman Mbowe alipoizungusha chopa nchini mwaka 2005 wanaujua mchezo huo: umati unasonga mbele, vumbi linaurudisha, mapanga yanapunguza mwendo, umati unasonga tena. Hapo pa mwisho ndipo pa kuogopa. Mapanga yanapopoteza kasi hulegea, na upepo mmoja unaweza kuyainamisha hadi usawa wa kichwa. Watu wanasogea pale ambapo vumbi limeacha kuwafukuza.

Marubani wana kanuni za kumkaribia mtu huyu mwenye kelele, na nilipozisoma niliona kama zimeandikwa na mtu aliyewahi kuishi kwetu. Njoo kutoka mbele, rubani akuone. Inama. Shika kofia na kitambaa chochote kilicholegea. Helikopta ikitua kwenye mteremko usiiendee ukitokea upande wa juu, kwa sababu upande huo ardhi iko karibu zaidi na mapanga. Kitu kirefu kibebe kwa mlalo chini ya kiuno, kamwe usikiweke begani. Nilifika hapo nikawaona wazee wote wa kata yetu, shuka mbili na fimbo ikiwa imelazwa mabegani, mikono imening'inizwa juu yake, wakishuka kilima kwenda kuwapokea wageni.

Na usipite nyuma. Mapanga madogo ya mkiani huzunguka kwa kasi kuliko makubwa, yako usawa wa kifua au uso, nayo hayaonekani kabisa. Ndiyo maana mara nyingi hupakwa milia ya rangi kali, hila ambayo husaidia kidogo. Mwongozaji wa filamu Boris Sagal alikufa mwaka 1981 huko Oregon, Marekani, wakati akitengeneza kipindi cha televisheni. Alishuka salama kwenye helikopta, akageukia upande usio wake. Hakuwa mshamba wa mashine.

Sasa, nani aliifanya iwe ndogo? Anayetajwa zaidi ni Mjerumani Dieter Schlüter. Ndege ndogo za rimoti zilikuwapo kwa miongo kadhaa, lakini helikopta ilikataa. Kila aliyejaribu aliishia na kitu kinachotikisika, kinapinduka na kujipasua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Schlüter alifanikiwa, na siri yake kuu ilikuwa fimbo nyembamba iliyowekwa juu ya mapanga ili kutuliza mwendo, wazo ambalo helikopta kubwa za Bell zilikuwa nalo tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtu wa kawaida mwenye uvumilivu na fedha aliweza kununua boksi la vipande na kujiundia helikopta yake. Mwaka 1987 Yamaha ya Japani ikatoa R-50, ya kunyunyizia mashamba dawa bila rubani. Chombo kilikuwa kimeacha kuwa cha kuchezea, au tuseme kilifanya kazi zote mbili.

Mapanga ya mwanzo yalikuwa ya mbao. Mbao ikigonga ardhi inasambaratika na kumaliza nguvu yake papo hapo, ingawa vibanzi vyake navyo si vya kuchezea. Baadaye zikaja nyuzi za kioo, kisha za kaboni, ngumu zaidi, zinazovumilia kasi kubwa zaidi. Mota za umeme na betri za lithiamu zikafuata. Injini ya mafuta ilikuwa na usumbufu wake: unaiwasha kwa mkono, inakohoa, inatoa moshi, kila mtu anajua sasa mambo yanaanza. Ya umeme ukishachomeka betri iko tayari. Imekaa kimya kwenye nyasi kama kitu kilichozimwa, na kosa la swichi moja linatosha kuiamsha mkono wako ukiwa bado juu yake.

Jambo lililonichukua muda kuliona ni kwamba katika kupungua huku si kila kitu kilipungua kwa kiwango kimoja. Chukua Robinson R44, helikopta ndogo ya abiria. Mapanga yake huzunguka kama mara 400 kwa dakika, na ncha zake hukata hewa kwa zaidi ya kilomita 750 kwa saa. Uzito wake unapita ule wa chombo changu mara mamia kadhaa. Upepo wake unamvua bibi shuka; wa kwangu haukuweza kuinua leso. Lakini ncha ya panga langu ilikuwa na nusu ya kasi yake. Kelele, vumbi, changarawe, vyote vilivyotufukuza Samunge, vilibaki huko kwenye chombo kikubwa. Mapanga yakaja. Watoto wale 12 walisogea kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuwarudisha isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa natabasamu.

Wenzetu walioanza mapema walilipia. Mwaka 2013 peke yake, Julai, mwanamume wa miaka 41 alikufa Uswisi kwa helikopta yake ya rimoti. Septemba 5, kijana wa miaka 19 akafa kwenye bustani ya Calvert Vaux, Brooklyn, New York, akirusha yake. Hizo zilikuwa kubwa kuliko yangu, za daraja la 700, zenye duara la mapanga linalozidi mita moja na nusu. Kijana yule alisifiwa kwa ustadi wake. Nilitazama umri wake muda mrefu. Nilikuwa nimeshampita kwa miaka minne nilipovuta kile kijiti, na nilikuwa na miezi miwili ya mazoezi.

Drone zilipoenea, mapanga yakawa madogo zaidi na imani ya watu ikawa kubwa zaidi. Mei 2015 mwanamuziki Enrique Iglesias alinyoosha mkono jukwaani huko Tijuana, Mexico, kuidaka drone iliyokuwa ikimpiga picha, kama alivyozoea kufanya katika maonyesho yake, ikamkata vidole. Mwaka huohuo, huko Worcestershire, Uingereza, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alipoteza jicho baada ya drone kugusa mti, kuyumba na kumkata usoni. Aliyekuwa akiirusha ni rafiki wa familia. Nilisoma habari hiyo nikiwa maktaba, nikafunga kompyuta, nikatoka nje. Kidole kimoja, daktari alisema.

Basi Koko, jibu ni hili. Wenye chombo husimama nyuma ya mstari. Klabu zao zina uzio, na upande wa kurushia na upande wa kutazamia havichanganywi. Chama cha warusha ndege ndogo cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1936, kimeandika kwamba chombo chenye mota kisirushwe nje karibu na mtu yeyote kwa chini ya futi 25, yaani kama mita 7 na nusu, isipokuwa anayekirusha na msaidizi wake, na kimekataza mapanga ya chuma. Na hizo mita 7 ni kiwango cha chini. Mwenye helikopta ya kaboni anayejali huwaweka watu mbali zaidi, na yeye mwenyewe hasimami kwenye usawa wa duara la mapanga, kwa sababu huko ndiko vipande huelekea. Anayejifunza husimama na mkongwe begani pake. Mkongwe anamkumbusha swichi. Mtu akitaka kujaribu mota mezani, kwanza anang'oa mapanga.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji fedha. Hatua 20, kamba, mtu wa kukuambia. Lakini mashine husafiri kirahisi kuliko mkongwe. Mimi nilipata chombo kwa mwanafunzi anayehama, asubuhi moja, kwa kuhesabiana noti, na katika mazungumzo yetu yote tulizungumzia betri. Kwetu ukitaja kitu cha kuruka watu hukuuliza kibali, na wana haki. Kanuni za vyombo visivyo na rubani zilitoka mwaka 2018, tunapakana na hifadhi, na ndege zina maana nyingi kwa watu wa Loliondo ambazo haziwezi kuingia katika insha hii. Kibali nacho sikuwa nacho. Hata hivyo karatasi ile, ningekuwa nayo mfukoni, isingemsogeza mtoto hatua moja nyuma.

Inawezekana kufanya vizuri, na si mbali na kwetu. Watafiti na askari wa wanyamapori walijaribu drone ndogo kuwafukuza tembo mashambani, katika maeneo ya Tarangire na Manyara na pembezoni mwa Serengeti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Tembo walikimbia, inadhaniwa sauti ile inawakumbusha nyuki. Mkulima wa Karatu anayekesha kulinda mahindi dhidi ya tembo wanaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro anaelewa thamani yake. Kilichonivutia ni kwamba askari wale walifunzwa kwanza. Tembo, kwa upande wake, hakuhitaji mafunzo. Alisikia mvumo akachagua mwenyewe pa kusimama.

Nilirudi nyumbani Desemba 2024. Kovu limekuwa mstari mweupe unaokata nyusi, na mwenyewe analionea fahari. Shuleni ameeneza habari kwamba ni chui. Nilikuwa nimekuja na helikopta ndani ya boksi. Nilishamwambia baba mdogo kwa simu kwamba sitairusha, na mapanga mapya niliyafunga kando, kwenye gazeti. Kijana aliniomba nimwonyeshe inavyofanya kazi. Nikamtazama baba yake. Baba yake akamtazama Koko, aliyekuwa mlangoni. Koko akaingia ndani.

Tulikaa chini ya mgunga. Nilimpa mapanga ayashike, akapitisha kidole gumba ukingoni kama baba yake. Nilimweleza pembe, kijiti, swichi ya kukata. Alirudia kuhusu swichi mara mbili bila kuambiwa. Halafu akaniuliza kama mota inaweza kuzunguka hata bila mapanga, nikamwambia ndiyo, ndivyo inavyojaribiwa, mhimili mtupu hauwezi kukufikia.

Akasimama, akaanza kutembea kurudi nyuma huku akihesabu kwa sauti. Alipita nilipodhani atasimama. Alipofika 20 aliongeza nyingine tano, akajiweka nyuma ya kichuguu, ikabaki nyusi na macho.

"Washa," akaniita.

Mapanga yote mawili yalikuwa mkononi mwake.